Mwanamke Aliyeacha Nafasi

Kilichomtoa Anyitike Mwaisumo Mbeya kikampeleka Iringa ni harufu ya siki. Mjane mmoja wa Mlandege, Mama Verediana Kalinga, alimpigia simu akamwambia kwamba chumba alichokuwa akifanyia kazi marehemu mumewe kimeanza kunuka kama kachumbari iliyochacha. Kila akifungua makabati haoni chakula wala panya aliyefia humo, anaona mikanda ya picha tu.

"Usiyafungue tena, mama," Anyitike alimwambia. "Ni mikanda yenyewe hiyo. Ikianza kunuka hivyo ujue inakufa. Nakuja."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Zamani alipiga picha za harusi pale Mwanjelwa. Simu zilipomfanya kila mgeni wa harusi kuwa mpiga picha, yeye akageukia picha za watu waliokwisha kupita. Walimletea negativu za baba zao ndani ya mikebe ya mafuta na mifuko ya nailoni, naye akazisafisha, akazipitisha kwenye skana, akazigeuza kuwa mafaili. Kuskani ni rahisi, alipenda kusema; kazi iko kwenye kutunza. Mkanda ukiwekwa pakavu penye baridi utamngoja mjukuu azaliwe. Faili halimngoji mtu. Diski inaweza kufa mchana kweupe bila hata kukohoa. Kwa hiyo kila picha aliiweka kwenye diski mbili zisizolala nyumba moja, na nakala nyingine mtandaoni, na kila mwaka alizifungua zote kuhakikisha kwamba bado zinasema neno lilelile.

Jambo ambalo hakumwambia mteja yeyote ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na picha ya mama yake. Subilaga, mama yake, alifariki Anyitike akiwa hajajua hata kufunga vifungo vya shati. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba yao kule Igawilo, chini ya migomba, na msalaba wake ulipakwa chokaa upya kila Pasaka. Baada ya mazishi Gerson, baba yake, alikusanya kila picha yenye sura ya mkewe akaitia moto, akisema picha za marehemu humzuia asitulie huko aliko. Baba naye akaja kufa bila kuongeza neno. Basi Anyitike akawa mtu wa kuzijaza nyumba za wenzake sura za mama zao, huku ya mama yake haijui. Na katika kila mkanda, mahali popote penye mwanamke kijana, jicho lake lilikawia kidogo kuliko kazi ilivyohitaji.

Mama Verediana alimpokea mlangoni akiwa amejifunga shuka nzito, maana ulikuwa msimu wa upepo, na upepo wa Iringa msimu huo hauna adabu.

"Kamwene, Mwaisumo. Karibu. Ndimo humo alimoishi mume wangu. Kwangu alikuwa anakuja kula tu."

Chumba kilikuwa kama kilivyoachwa. Pazia la nyuma lilikuwa bado linaning'inia, limechorwa bustani na ngazi za jumba la kifahari ambalo halijawahi kujengwa popote mkoani. Sosthenes Kalinga alikuwa mtu wa utaratibu: mikanda yote aliikata vipandevipande, akaviweka kwenye bahasha za karatasi, kila bahasha na mwaka wake. Anyitike aliisogeza meza karibu na dirisha, akavaa glovu za pamba, akaanza.

Ambaye hajafanya kazi ile hajui jinsi negativu inavyotisha kabla haijageuzwa. Mtu mweusi huonekana mweupe kama aliyepakwa majivu. Nywele zinang'aa, meno ni meusi, na jicho, mahali palipopaswa kuwa peupe, ni tundu. Wa ubatizo, wa harusi, wa kipaimara, wote wanakutazama kutoka huko wakiwa hivyo, mpaka kompyuta iwageuze wawe watu. Anyitike alikuwa amezoea. Lakini hata aliyezoea kuosha maiti kuna siku hukutana na maiti ya kumsumbua.

Mwanamke yule alimwona mara ya kwanza asubuhi moja. Alikuwa amesimama mbele ya pazia la bustani, si katikati ya picha, bali upande, kama mtu aliyempisha mwenzake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka kidogo, kiganja kimeangalia chini, kimetulia hewani usawa wa paja. Chini ya kiganja hapakuwa na kitu. Zilionekana ngazi za lile jumba tu.

Mtoto amekimbia, Anyitike aliwaza. Watoto hawapendi studio. Akaendelea.

Kesho yake, katika bahasha ya mwaka uliofuata, alimkuta tena. Upande uleule, kiganja kilekile hewani, ila kimepanda kidogo. Hakuwa akitazama kamera. Alikuwa ameinamisha kichwa, akitabasamu kuelekea pale pasipo na mtu, tabasamu la mama anayembembeleza mtoto mbishi asimame vizuri.

Anyitike aliacha kufuata mpangilio, akaanza kumtafuta yeye. Akazifungua bahasha za miaka iliyofuata, na kila mwaka alikuwamo, mara moja tu. Alipozipanga picha zote kwenye kioo cha kompyuta, moja kando ya nyingine, alirudisha kiti nyuma. Mkono ulikuwa unapanda. Kutoka pajani ulifika kiunoni, ukafika kifuani, ukafika begani. Mwanamke alikuwa anazeeka, kovu kwenye paji la uso wake likizama ndani ya makunyanzi, na kile kitu kilichokuwa kando yake, kisichokuwepo, kilikuwa kinakua. Katika picha za mwisho mkono ulikuwa umeinuliwa juu ya kichwa chake mwenyewe, naye ametazama juu, kama mtu anayezungumza na kijana wake aliyemzidi kimo.

Mama Verediana aliingia na chai. Aliweka kikombe mezani, akainua macho kwenye kioo, akajishika kifua.

"Yesu wangu. Yule mama wa Idodi!"

"Unamfahamu?"

"Nani hapa asiyemfahamu? Alikuwa anakuja kila mwaka wakishavuna mpunga. Mume wangu akimpanga katikati, yeye anasogea. Anasema, 'Acha nafasi hapa pembeni, baba.' Mwaka wa kwanza Sosthenes aliogopa, akadhani amechanganyikiwa. Baadaye wakazoeana. Akawa anamuuliza, 'Mwaka huu amefika wapi?' Naye anaonyesha kwa mkono, 'Amefika hapa.' Na picha hachukui. Anasema, 'Nitunzie. Mwenyewe akija mpe.'"

"Mwenyewe nani?"

"Hilo hatukuuliza. Mtu mwenye kidonda humuulizi kinauma wapi." Mama Verediana alivuta kigoda akaketi, bado anatazama kioo. "Alikuwa wa kwenu huko Mbeya, lafudhi yake haikujificha. Kabla picha haijapigwa alikuwa anamsemesha huyo mtu wake. 'Simama vizuri. Anyitike, angalia mbele.' Nilikuwa napita na ndoo zangu, nasikia. 'Anyitike, usifumbe macho.'"

Mama huyu tangu mwanzo alimjua kwa jina la ukoo tu. Hakuwa na habari ya alichokisema. Aliona mgeni wake anavua glovu polepole, kidole kimoja kimoja, anaziweka juu ya meza, kisha anakwenda kusimama mbele ya lile pazia na kushika pindo lake kama anayetaka kuanguka.

"Mwaisumo? Unaumwa?"

"Mama," alisema, "mimi naitwa Anyitike."

Upepo ulikuwa unapiga bati la banda la jirani. Mama Verediana aliinuka, akamtazama usoni, akageuka kutazama kioo, akamtazama tena. Kisha akafanya ishara ya msalaba.

Idodi si mbali na Iringa. Anyitike angeweza kupanda basi siku ileile. Lakini mtu hendi kumtafuta hai mtu aliyezikwa, mpaka kwanza amuulize aliyemzika. Akaichukua kompyuta yake akarudi Mbeya. Njiani, basi liliposimama Igawa, wanawake waliinua madirishani vitunguu na mchele, na kila aliyeinua uso alikuwa na kovu kwenye paji. Alifumba macho mpaka basi lilipoondoka.

Shangazi Tupokigwe, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Alimkuta uani Igawilo akimenya viazi juani, kisu kikienda chenyewe huku macho yakimtazama anayekuja.

"Ugonile, shangazi."

"Ndaga, gwe mwanangu. Mbona umekonda? Iringa hawali?"

Anyitike aliketi. Hakujua pa kuanzia, akaanzia katikati. "Shangazi, mama alizikwaje?"

Kisu kilisimama. "Swali gani hilo la mchana huu?"

"Niambie tu."

"Unajua wewe. Alifia Makongolosi. Aligombana na baba yako, akaenda huko kuwapikia wachimba dhahabu. Shimo likatitia, likafukia watu, na yeye alikuwa ameonekana akiwapelekea uji. Baba yako alikwenda, akakaa, akarudi na khanga yake. Mwili haukutoka. Wengi hawakutoka."

"Kwa hiyo hapo nyuma mlizika nini?"

"Huwezi kumwacha mtu hewani, Anyi. Wazee waliagiza. Tulikata mgomba, tukauvika sanda, tukauimbia, tukauzika kwa jina lake. Ndivyo inavyofanywa kwa asiyeonekana."

"Basi mle hamna mtu."

"Mle yumo mama yako," shangazi alisema, na sauti yake haikutikisika. "Tukishazika, tumezika."

Anyitike alifungua kompyuta, akaigeuza, akamwonyesha ile picha ya kwanza, ya kiganja kilichotulia usawa wa paja.

Bakuli la viazi lilipinduka. Shangazi alijifunika uso kwa khanga, na kutoka ndani ya khanga akapiga kelele, "Zima! Zima hicho kitu!"

"Ni nani, shangazi?"

"Ndicho kilichokuja! Zima!"

Alizima. Ilimchukua muda shangazi kushusha khanga, na aliposhusha hakumtazama Anyitike bali ua wa matete kule ng'ambo.

"Kilikuja tumeshamaliza matanga, hata msalaba umekauka rangi. Mchana kama huu. Kilisimama pale uani, kimenyolewa kichwa, kimekonda, kina sura yake mama yako. Kikaita jina lako. Tulijua palepale. Amechukuliwa msukule, na msukule akimgusa mwanawe anaondoka naye. Nilikubeba, nikakufungia ndani, chumba cha mahindi. Baba yako akatoka na majirani, wakapiga mabati, wakapiga mapipa, wakakirushia mawe mpaka kikaondoka. Kilikuwa kinalia kama mtu kabisa."

Anyitike maisha yake yote alikuwa na kumbukumbu moja ya utotoni isiyo na kichwa wala miguu: giza, vumbi la mahindi puani, na kishindo cha mvua ya mawe juu ya bati. Siku zote alidhani ni mvua ya mawe.

"Shangazi. Mawe yalipompata, alitoka damu?"

Shangazi aliinamia bakuli, akaligeuza.

"Hapa kwenye paji. Alitoka damu?"

"Kilitoka."

"Msukule hatoki damu."

"Usinifundishe!" Alianza kuokota viazi, kimoja kimoja, akivifuta kwenye sketi. "Wewe uko hai. Una mke, una watoto. Nani alikuokoa? Mimi nilikuokoa." Na Anyitike alipomtazama aliona kwamba anaamini, kwamba ameamini hivyo tangu siku ile, na kwamba hofu aliyokuwa nayo mchana huo ilikuwa bado mbichi.

Alisimama hapo kaburini kabla ya kuondoka. Palikuwa pamepaliliwa vizuri. Wakati wote huo alipokuwa mtoto akiambiwa amsalimie mama, alikuwa akiusalimia mgomba, na mama mwenyewe alikuwa kule upande wa pili wa barabara kuu, anamsemesha hewani asifumbe macho.

Idodi alishuka jua likiwa kali. Nchi ile ni ya joto na vumbi jekundu, magari ya watalii yanapita yakielekea mbugani, na ukitoka barabarani kidogo unakuta mifereji na mashamba ya mpunga. Aliuliza nyumba ya mama mmoja mtu mzima, mwenye asili ya Mbeya, ana kovu hapa. Akaelekezwa kwenye mashine ya kukobolea mpunga.

Mwanamke aliyekuwa akikinga mchele mashineni alikuwa anakaribia makamo, kilemba kimejaa pumba. Alimwona Anyitike akiwa bado mbali. Aliweka ungo chini, akamwambia mwendesha mashine azime, na kelele zilipokatika akasema, kana kwamba anasoma mahali palipoandikwa:

"Wewe ndiye Anyitike."

"Ndiyo. Shikamo… sijui nikusalimieje."

"Mimi ni mdogo wako. Naitwa Happy." Hakumpa mkono. "Umechelewa, kaka. Tulimzika mwaka juzi."

Alijua. Tangu Iringa alikuwa amejua kwamba itakuwa hivyo, lakini kujua hakukumsaidia. Aliketi juu ya gunia la mtu, mbele ya watu asiowajua, akalia kwa sauti kama mtoto aliyefungiwa chumbani, na Happy alisimama kando yake akiwakinga wengine wasimtazame, mpaka akamaliza.

Nyumbani kwake alimpa maji na kumweleza. Mama yao alikwenda Makongolosi kweli, na chakula aliwapikia wachimbaji kweli. Lakini siku moja kabla ya shimo kutitia alipatwa na homa kali, na lori lililokuwa likipita lilimbeba, likamshusha kwa mwanamke mmoja njiani huko kuelekea Chunya. Alilala kwa huyo mama miezi, hajijui, nywele zikanyonyoka zikabidi zinyolewe. Alipoweza kusimama akaenda kwake.

"Aliniambia, 'Nilifika uani nikaona msalaba, nikauliza moyoni, amekufa nani? Nikasogea nikasoma jina langu.' Halafu ndiyo wakatoka." Happy aligusa paji lake mwenyewe. "Huku Idodi baba yangu alimpokea bila kuuliza kitu. Baba naye ameshatangulia."

"Kwa nini hakurudi nilipokuwa mkubwa? Ningemjua. Ningemwelewa."

"Nilimuuliza hilo. Alisema, 'Kule kwetu wote wamenitazama nikaona machoni mwao kwamba mimi ni maiti. Aliyebaki ni mmoja tu ambaye hajanitazama. Nikienda na yeye akanitazama hivyo, nitakuwa nimekufa kweli.'" Happy alimsogezea kikombe cha maji. "Lakini usidhani hukuwepo hapa. Hapa ulikuwepo. Chakula kikipakuliwa sehemu yako inatengwa, ikipoa ndiyo napewa mimi. Nikivunja kitu naambiwa Anyitike asingevunja. Mimi nilikuonea wivu kabla sijakujua, kaka."

Anyitike alifungua kompyuta, akamwonyesha picha.

Happy hakuwa akijua lolote juu ya picha zile. Alisogeza uso karibu kabisa na kioo. Alizipita taratibu, na kadiri alivyozipita ndivyo uso wake ulivyofunga.

"Kila mwaka alituambia anapeleka mpunga Iringa," alisema. "Huu mwaka nilikuwa naumwa surua. Nililia nisiachwe. Akaniacha kwa bibi, akaenda." Akasogeza nyingine. "Na huu nilikuwa nimepata kipaimara. Nilimwomba anipeleke studio na gauni langu. Akasema mwakani." Aliinua macho ukutani, palipokuwa na picha moja tu iliyokuzwa kutoka kwenye simu ya mtu, mama yao amelala kitandani siku zake za mwisho, sura imefifia haina hata pua vizuri. "Mimi sina picha niliyosimama naye. Hata moja. Wewe ambaye hukuwepo unazo zote hizi."

Nje kuku walikuwa wanaparua pumba. Happy alirudi kwenye picha mojawapo ya zile za katikati, yenye mkono uliotulia usawa wa bega, akaigusa kwa kidole pale palipokuwa wazi.

"Wewe ni fundi wa mambo haya. Niweke hapo."

"Happy, hapo ni…"

"Najua ni pa nani. Nimekaa na mwenye hapo maisha yangu yote. Leo asogee."

Katika miaka yake ya kazi Anyitike alishaombwa mengi: mfute mume wa kwanza, mwongezee marehemu tai, mrudishie bibi meno. Asili huwa haiguswi, ndivyo alivyowajibu wote. Na asili hii ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, maana nafasi ile tupu ilikuwa ndiyo picha yake pekee na mama yake. Alitazama kiganja kile. Alijaribu kujiona chini yake na hakuweza. Mtu aliyekuwa akipigwa picha pale hakuwa yeye. Yeye siku hizo alikuwa Igawilo anauchotea mgomba maji. Hata kimo kilikuwa si chake. Katika picha za mwisho mama alimpandisha mno, akamfanya mwanamume mrefu wa kuinuliwa uso, naye Anyitike ni mfupi, wa kumfikia mama yule sikioni.

"Asili nitaiacha kama ilivyo," alisema mwishowe. "Itabaki na nafasi yake. Nitakutengenezea nakala."

"Asili kaa nayo. Mimi nataka ya ukutani."

Alimsimamisha kando ya ukuta wa nyumba, upande wa kivuli, mwanga ukimpata kutoka kushoto kama ulivyokuwa ukitoka kwenye taa ya Sosthenes. Happy alivua kilemba. Hakujua aweke wapi mikono.

"Nitazame wapi?"

"Mtazame yeye. Yuko hapo kushoto kwako."

Happy aligeuka. Kwanza uso ulikuwa mgumu. Kisha kitu kikalegea shingoni mwake, na Anyitike akabonyeza.

Alirudi Iringa, akaketi tena kwenye ile meza ya dirishani, na kazi ile ikamla siku nyingi. Alizipunguza rangi za Happy zikawa za zamani, akamtia chengachenga za mkanda uleule, akalainisha kivuli chake kikalala juu ya ngazi za jumba. Cha mwisho kilikuwa kiganja. Alikishusha unywele kwa unywele mpaka kikagusa bega. Kilipogusa, alihisi baridi mgongoni kana kwamba mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake tangu siku ya kwanza ameondoka chumbani. Aligeuka. Pazia lilikuwa limetulia. Mama Verediana alikuwa jikoni anaimba.

Mikanda ya Sosthenes aliimaliza yote. Diski moja aliiacha kwa Mama Verediana, ndani ya kabati la vyombo vya heshima, na nyingine akaenda nayo Mbeya. Picha za Subilaga peke yake alizitengea diski yao ya tatu. Igawilo alikwenda kumwomba shangazi wang'oe ule msalaba. Shangazi alikataa katakata. "Nimepalilia hapo tangu nina nguvu," alimwambia. "Ukiung'oa, mimi nitakuwa nimemlilia nani?" Anyitike akauacha. Lakini hajalala tena katika nyumba ile, na mvua ikianza kupiga bati, hata akiwa kwake Mwanjelwa, mkewe humwona ameacha alichokuwa akifanya.

Idodi alikwenda mwenyewe na ile diski ya tatu na picha, ameitia fremu. Alimfundisha Happy aifungue diski walau mara moja kwa mwaka, kwenye duka la kuchapisha pale barabarani, na akiona picha yoyote haifunguki ampigie siku hiyohiyo. Happy aliitikia bila kusikiliza. Alikuwa ameishika picha kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu sana, akapitisha kidole kwenye mkono uliokuwa juu ya bega lake, kisha akapanda kigoda akaitundika mwenyewe, akashuka, akapanda tena kuinyoosha.

Walikuwa wanakula, jirani mmoja alipoingia kuomba chumvi. Alisimama katikati ya chumba, kikombe mkononi, akaitazama ile picha ukutani.

"Hee, Happy! Kumbe marehemu mama alikupelekaga studio?"

Anyitike alishusha tonge.

"Alinipeleka," Happy alisema, akaenda jikoni kumletea chumvi.